Vidole Viwili vya Povu

Kabla kijana hajakabidhiwa gari la mbio, kwanza hukalishwa kwenye mfuko wa takataka. Ukimwambia mtu hivyo atakucheka, lakini ndivyo kazi ilivyo. Ndani ya gari lenyewe hamna kiti, kuna shimo tu, jembamba, la kumtosha mtu mmoja aliyelala nusu. Mfuko mkubwa mweusi hutandazwa humo, dereva huingia na suti yake na helmeti yake, kisha fundi huchanganya dawa mbili za maji kwenye ndoo na kuzimimina mfukoni, chini ya makalio na nyuma ya mgongo. Dawa zikikutana zinaumuka. Zinapanda, zinapata joto, zinaingia kila penye upenyo, halafu zinaganda. Dereva akishatolewa, kinachobaki ni kiti chake, na mtu mwingine akikikalia atajiona kama amevaa viatu vya jirani.

Fundi wa kazi hiyo, katika timu moja ya madereva vijana, alikuwa bibi mfupi, mnene kiasi, mwenye vidole vilivyokakamaa kwa gundi ya miaka mingi. Makanika walimbandika jina la Mama Povu wakidhani atakasirika. Alilipenda mno. Alilitarizi kwa uzi mwekundu kwenye kifua cha aproni yake, ila hakupima nafasi vizuri, ile herufi ya mwisho ikabidi ipande juu ya mwenzake. Ukimcheka kwa hilo, anakujibu kwamba aproni haijawahi kushindwa mbio.

Hakuzaliwa kwenye mbio. Alikuwa fundi wa makochi, na karakana yake ilikuwa stoo iliyoshikana na nyumba, imejaa fremu za mbao, mabunda ya vitambaa na harufu ya gundi inayomfanya mgeni apige chafya tatu mfululizo. Siku moja meneja wa timu alileta kochi lake lililobonyea katikati. Alipoona mama huyu anavyomtazama mteja kiuno kabla ya kumtazama usoni, akauliza kama anaweza kumtengenezea mtu kiti.

"Mtu gani?" akauliza.

"Kijana. Anaendesha gari la mbio."

"Anakaa humo muda wote?"

"Amefungwa mikanda, hawezi hata kujikuna."

"Basi huyo ni afadhali. Kwenu naona watu wanaliruka kochi, hawalikalii."

Ndivyo alivyoajiriwa. Timu yenyewe ilikuwa ya daraja la chini, na hapa lazima tuelewane kidogo. Hakuna anayeamka asubuhi akaingizwa kwenye yale mashindano makubwa yanayoonyeshwa kwenye televisheni. Mtoto huanza na vigari vidogo vinavyokwenda vikikwaruza lami, akifanya vizuri hupanda kwenye gari dogo la kiti kimoja, kisha kwenye kubwa kidogo, kisha kwenye kubwa zaidi, darasa baada ya darasa, na kila mlango ni mwembamba kuliko uliopita. Wanaingia kundi zima, anapita mmoja, wakibahatika wawili. Waliobaki wanarudi shuleni, wengine wanakuwa makanika, na mmoja siku hizi anauza magodoro na hana kinyongo na mtu.

Wakiondoka, viti vyao wanaviacha. Watavipeleka wapi? Mama Povu alikuwa haoni sababu ya kutupa povu zuri, hivyo alivibeba nyumbani kimoja kimoja, akavivisha vitambaa, akavipigilia miguu ya mbao na kuvipanga barazani. Baraza lake lilikuwa halina mfano. Mgeni akibisha hodi, mwenye nyumba humkagua kiuno, kisha humwelekeza: "Wewe kaa pale, kwa yule aliyekuwa akipinduka kila kona." Jirani mmoja, mwalimu mstaafu, aliingia kwenye kiti cha dereva wa zamani kikamkaa mwilini utadhani alipimwa, na tangu hapo alikuwa haji kusalimia ila anakuja kukaa.

Mtu mmoja tu alikosa kiti katika nyumba hiyo, na mtu mwenyewe ni baba mwenye nyumba.

Mumewe aliitwa Ngazi, na ukimwona utajua sababu. Alikuwa mrefu wa kutisha, miguu ndiyo imechukua sehemu kubwa. Walikutana ujanani, yeye akiwa dereva wa malori ya safari ndefu. Alikuja karakanani kuomba ashonewe kiti cha lori kilichobaki chuma na gunia, akainua mguu kuingia, akagonga kichwa kwenye kizingiti cha juu cha mlango hadi akakaa chini. Kesho yake alipokuja kuchukua kiti, akakuta kizingiti kimevalishwa sponji nene na ngozi ya bandia nyekundu, imepigiliwa misumari ya vichwa vya shaba. Akajua amependwa. Hakukosea.

Lakini kiti kile kilishonwa mgongo ukiwa umeshaharibika. Alikuwa amekalia chuma miaka mingi mno kwenye barabara mbovu, na mifupa ya chini ilishagongwa ikagongeka. Uzeeni alikuwa anainuka kwa awamu: kwanza mikono magotini, kisha kimya kidogo, kisha mwili wote unapanda na mlio. Mkewe alimtengenezea kila aina ya kiti ambayo akili ya binadamu imewahi kubuni. Ngazi alikuwa anakaa kwenye kila kimoja, anatabasamu kwa adabu, halafu baada ya muda anakwenda zake kukaa juu ya kreti la soda. Fundi wa makochi ambaye mumewe anakaa kwenye kreti! Watani wake walikuwa hawaliachi hilo lilale.

Kutokana na mgongo huo, Mama Povu alikuwa na sheria moja kazini: chini ya kifandugu cha dereva lazima libaki povu la unene wa vidole viwili. Gari la mbio liko chini sana, na likiruka ukingo wa njia likatua kwa tumbo, kishindo chote kinakwenda kwenye uti wa mgongo. Makanika walikuwa wanamuuliza vidole vya nani, maana vyake peke yake ni vinene kama mhogo. "Vyangu," alikuwa akijibu. "Wewe vyako vya kuchezea simu."

Na alikuwa na amri nyingine, hiyo ya wakati wa kumimina. Dereva akikaa kwenye mfuko, wenzake wakimpiga picha, anavimbisha kifua. Akivimbisha kifua, kiti kinatoka cha kifua ambacho siku ya mbio hakipo. Kwa hiyo Mama Povu alikuwa anasimama na ndoo yake, hamimini.

"Pumua nje," anasema. "Toa maringo. Bado. Naona yapo mengine yamebaki kwenye mabega."

Sasa tuje kwa mjukuu. Alikuwa mtoto wa binti yao, muuguzi wa zamu, hivyo amekulia karakanani akilala juu ya mabunda ya vitambaa. Bibi yake alimwita mume wangu, naye alimwita bibi mke wangu, na babu alimwita mpinzani, kama ilivyo ada baina ya mabibi na wajukuu wenye mdomo. Mchezo wake mkubwa ulikuwa kumwigiza babu anavyoinuka: mikono magotini, kimya kidogo, halafu mlio. Aliupata ule mlio kabisa. Ngazi alikuwa anacheka hadi machozi, kisha anajaribu kuinuka amkimbize, na mlio unatoka wa kweli.

Kijana alianza na vile vigari vya kukwaruza lami, akawashinda watoto wenye vifaa vya kumzidi, na timu ikamchukua kwa kasi yake. Waliosema amebebwa na bibi walinyamaza walipoona saa ya mizunguko. Timuni walimwita Kichaka, kwa sababu ya nywele. Madereva ni watu wa imani za ajabu: huyu haingii garini kwa mguu wa kushoto, yule hafui soksi. Kichaka aliweka nadhiri kwamba hatakata nywele mpaka apande daraja. Mwaka wa kwanza hakupanda. Wa pili ndio huu, na kichwa kilikuwa kimestawi kwelikweli, hadi akaomba helmeti ya saizi kubwa. Ile ya zamani bibi aliiteka, akaigeuza chombo cha misumari ya vichwa vya shaba.

Mwaka huo mambo yalimnyookea. Zilipobaki mbio za mwisho alikuwa wa pili kwa pointi, na timu ya daraja la juu ilikuwa imesema wazi: akimaliza mwaka katika nafasi mbili za mbele, gari lipo. Akishuka hadi ya tatu, basi, maana mwakani atakuwa amepita umri ambao wakubwa hao wanautaka. Huko juu gari ni refu, shimo ni pana. Hilo la shimo linahusika, subiri.

Mama Povu alikuwa karakanani akinyoosha kitambaa aliposikia nyuma yake, pum, sauti laini aliyoizoea. Akasema bila kugeuka, "Pole, baba."

"Mimi, mke wangu," akajibu mjukuu, akijisugua paji la uso.

Mama Povu akageuka polepole. Miaka yote ile sponji ya kizingiti ilikuwa na kichwa kimoja tu cha kugonga. Kijana alikuwa amesimama mlangoni na miguu ya Ngazi, kiuno cha Ngazi na mabega ya Ngazi, vimeletwa upya. Alimwambia akae ale, akaendelea kunyoosha kitambaa ambacho kilishanyooka.

Si kwamba hakujua. Mikono yake ilijua. Kila baada ya mbio kadhaa mkaguzi huweka rula ndefu kutoka upinde wa chuma ulio nyuma ya kichwa cha dereva hadi mbele juu ya usukani, na helmeti lazima ipite chini ya rula hiyo bila kuigusa, ili gari likibinuka, chuma kipokee dunia badala ya kichwa. Kijana akirefuka, rula inakaribia. Na kila ilipokaribia, bibi alichukua kisu cha mkate na msasa, akapunguza povu chini. Kidogo tu. Vidole viwili vikawa kimoja na nusu. Kisha kimoja. Alijiambia kidole kimoja chake ni sawa na viwili vya mtu mwingine. Mapenzi yana hesabu zake za ovyo.

Siku ya kuamkia mbio za mwisho, mchana, mkaguzi alifika kwenye hema la timu na rula yake. Alikuwa mzee mpole asiyetania kazini. Kichaka akaingia garini, akafungwa mikanda, rula ikawekwa, ikalala juu ya helmeti na kuyumba.

"Inagusa," akasema mkaguzi.

"Jikunyate kidogo," akanong'ona meneja.

"Nikijikunyata tena nitakuwa kobe," akajibu Kichaka kutoka ndani.

Mkaguzi akakunja rula yake, akasema atarudi asubuhi kabla ya mbio, na asipokuta pengo hakuna kuingia njiani. Alisema kwa upole, ndiyo maana iliuma zaidi.

Meneja akamwendea Mama Povu aliyekuwa amekalia ndoo iliyopinduliwa. "Mama, tunajua la kufanya. Toa povu lote la chini. Aweke kitambaa tu akalie. Ni mbio moja, siku moja. Keshokutwa yuko daraja la juu kwenye gari linalomtosha, tumesahau."

"Akalie sakafu ya gari."

"Wengine wanafanya."

"Hao wengine migongo yao aliiona nani?"

"Bibi," akasema Kichaka, akiwa ameshavua helmeti, nywele zimelipuka pande zote. Alipomwita bibi badala ya mke wangu, ilikuwa dalili mbaya. "Naomba. Mimi ndiye ninayekaa. Mgongo ni wangu."

Mama Povu aliangalia lile gari, akaangalia miguu mirefu ile. Moyo ulimwambia mpe, mtoto ameteseka na ndoto hii tangu akiwa analala kwenye mabunda. Mikono ikakataa. Akasimama na kukung'uta aproni.

"Nimeshapunguza kuliko nilivyopaswa," akasema. "Nilikuwa nakuonea huruma, kumbe nakuharibia. Sipunguzi tena. Kwanza nakirudishia vidole vyake, viwili. Mkitaka kitambaa, tafuteni fundi wa vitambaa."

"Kwa hiyo ndiyo basi?" akauliza kijana, na sauti ikapasuka, kwa sababu pamoja na urefu wote ule alikuwa mtoto.

"Sijui kama ndiyo basi. Najua kwamba unamwigiza babu yako vizuri sana. Endelea kukalia chuma, utafika siku utamwigiza bila kutaka, na hakuna atakayecheka."

Kijana akatoka hemani bila kuaga. Meneja akashika kichwa. Mama Povu akakichukua kile kiti kwapani, akapanda gari la mtu hadi nyumbani.

Alipofika karakanani aliweka kiti mezani akaanza kukirudishia povu. Alikuwa anafanya kazi na kulia, na vyote viwili alivifanya vizuri. Ngazi alikuwa kwenye kreti lake, amesikiliza habari yote. Yeye si mtu wa ushauri. Alichojua ni kumpa mkewe vifaa kabla hajaviomba, hivyo alipoona kitambaa kinataka kupigiliwa, akainuka kwa awamu zake, akachukua ile helmeti ya zamani yenye misumari na kumletea, akaiweka mezani. Karibu yake kulikuwa na ile mpya, kubwa, ambayo kijana aliisahau hemani, bibi akaibeba pamoja na kiti.

Mama Povu akanyoosha mkono kuchukua msumari. Mkono ukasimama hewani.

Helmeti mbili zilikuwa zimekaa bega kwa bega juu ya meza. Ya zamani fupi, mpya ndefu. Akaweka vidole vyake viwili juu ya ile ya zamani. Vikalingana na utosi wa ile mpya, sawasawa, hata ukucha haukuzidi.

"Baba," akamwambia mumewe, "tumekuwa tunakata makalio ya mtoto ili kulisha nywele."

Ngazi alitazama helmeti moja, akatazama nyingine, akacheka hadi ikabidi ashike meza. Mkewe akamwaga misumari kwenye bakuli, akaipangusa helmeti, akakagua chapa yake ya usalama kuona kwamba muda haujaisha. Haukuwa umeisha.

Kazi sasa ilikuwa kumwambia mwenye nywele. Kichaka alifika jioni, uso umevimba, akainama vizuri kabisa kukwepa kizingiti. Bibi akamwonyesha helmeti zote mbili. Kijana si mjinga, alielewa papo hapo, akajishika kichwa kwa mikono yote kama mtu anayeibiwa.

"Niliweka nadhiri," akasema. "Mpaka nipande."

"Na nadhiri yenyewe ndiyo inayokuzuia kupanda. Ulijifungia nje, funguo ukaziotesha kichwani."

"Nikikata kabla, nitaleta mkosi. Mke wangu, wewe huwajui hawa. Yule aliyefua soksi mwaka jana aliishia ukutani."

"Basi chagua," akasema Mama Povu. "Mkosi wa kinyozi au mkosi wa babu yako. Mimi nakwenda kuosha ndoo."

Akatoka kweli, akaenda kuosha ndoo iliyokuwa safi. Waliyosema kijana na babu yake mle ndani hakuyasikia yote. Alisikia Ngazi akisema, bila mzaha hata chembe, "Usiku nikijigeuza kitandani, mjukuu wangu, kwanza nahesabu." Halafu akasikia mkasi wake mkubwa wa kukatia vitambaa.

Alipoingia, kijana alikuwa kwenye kreti la soda, taulo shingoni, na Ngazi amesimama juu yake na ulimi nje. Dereva wa malori si kinyozi. Kichwa kilitoka na mabonde na vilima, na nyuma ya sikio moja palibaki kishungi alichokisahau. Mama Povu alijaribu kujizuia. Akashindwa.

"Toa maringo," akasema akipangusa macho. "Naona safari hii yametoka yote."

Asubuhi mkaguzi akaweka rula. Chini yake kulikuwa na helmeti fupi yenye alama za misumari, na kati ya helmeti na rula pengo jembamba, lakini pengo. Mzee yule akainama kutazama upande mmoja, akazunguka kutazama wa pili, akaandika. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, akatania. "Naona mwenye gari amebadilishwa," akasema, akaenda zake.

Mama Povu hakuwahi kutazama mbio. Alikuwa anaketi kwenye ndoo yake, mgongo kwa njia, akishona chochote, na kuyasikiliza magari kama mtu anavyosikiliza mvua kwenye bati. Siku hiyo alishona tundu la kifungo kwenye kitambaa kisichokuwa na kifungo. Katikati ya mbio akasikia watu wote wakivuta pumzi pamoja. Sindano ikamwingia kidoleni. Makanika walimsimulia baadaye: gari la mbele liliyumba, Kichaka akakwepa, akapanda ukingo, gari likaruka magurudumu yote manne hewani na kutua bapa, kwa tumbo, kishindo kikasikika hadi maegeshoni. Kisha likaendelea. Bawa la mbele limepinda, nafasi mbili zimepotea, lakini likaendelea hadi mwisho. Alimaliza wa sita. Walipojumlisha pointi, wakarudia kujumlisha kwa sababu meneja hakuamini, alikuwa bado wa pili kwa mwaka mzima, kwa tofauti ya pointi moja.

Hema lilijaa kelele na maji ya kurushiana. Kichaka akafunguliwa mikanda. Bibi yake alikuwa amesimama pembeni, hakumwangalia usoni, alimwangalia anavyoinuka. Kijana aliona anavyoangaliwa. Akaweka mikono magotini. Akakaa kimya kidogo. Mama Povu akapiga hatua kumwendea. Halafu yule mshenzi akaruka nje ya gari kama samaki, akamkumbatia na jasho lake lote.

"Nitakuua," akasema bibi, amemng'ang'ania.

"Lilipotua nilivisikia," akamwambia sikioni. "Vidole vyako. Vyote viwili."

Tungeishia hapo, lakini maisha hayana adabu hiyo. Kijana akapanda daraja. Huko juu viti havimiminwi na mabibi. Kuna mashine inayompiga mtu picha pande zote, na kiti kinatoka kiwandani kimefungwa kwenye sanduku. Alipokuja kumweleza, Mama Povu alisema vizuri, hongera, mume wangu, akageuka kukata kitambaa. Iliuma, tuseme ukweli. Alikuwa amemfanyia kila kiti tangu cha kwanza, na sasa anakalia cha mtu asiyejua hata kwamba bega lake la kulia liko chini kuliko la kushoto.

Kiti kile cha mwisho kikarudi nyumbani. Hakutaka kukiweka barazani pamoja na vya wale waliokwama, wala hakuwa na moyo wa kukifungia stoo, hivyo alikivisha kitambaa cha kijivu, akakipigilia miguu mirefu, akakiacha karakanani karibu na dirisha. Kijana alipokuja likizo alijaribu kukikalia, mabega yakakataa kuingia. Alikuwa ameshapanuka. Wote wakacheka, na bibi akacheka kidogo kuliko wengine.

Alasiri moja alirudi kutoka kununua gundi akakuta karakana kimya. Kreti la soda lilikuwa tupu. Akasikia mkoromo mwembamba, akageuka dirishani, akamkuta Ngazi ndani ya kile kiti, amenyoosha miguu yake yote, kichwa kimeegemea, mikono imelala tumboni. Povu lilikuwa limemshika kuanzia nyonga hadi mabegani, na hata bega lake la kulia, lililo chini kama la mjukuu wake, lilipata shimo lake. Uzee ulikuwa umemkausha, amerudi kwenye wembamba wa ujana, na umbo alilolimimina mkewe kwa ajili ya mjukuu lilikuwa lake tangu mwanzo.

"Nani kakuruhusu?" akauliza Mama Povu.

Ngazi akafumbua jicho moja. "Nimekuja kumkalia mpinzani wangu kiti."

"Inuka nipite."

"Siwezi."

Gundi ikamponyoka mkononi. "Mgongo?"

"Hapana, mama," akasema Ngazi polepole, kama mtu anayeogopa kuamsha kitu. "Hauumi. Nimekaa hapa tangu ulipotoka nikisubiri uume, na hauumi. Sasa niinuke niende wapi?"

Miaka yote hiyo ya makochi, miaka yote ya kreti, na yeye alikuwa anampima mumewe akiwa ameketi wima kama mgeni, hakuwahi hata siku moja kumlaza nusu kwenye mfuko akamwambia apumue nje. Akavuta ndoo, akaigeuza, akaketi kando yake na kuuegemeza mkono wake kwenye goti lile refu. Nje mteja alibisha hodi akiulizia kochi lake, wakamwambia wote wawili kwa pamoja kwamba halijawa tayari, aje kesho.